Kinu cha Nyuklia Kikishazimwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayesikia kwamba kinu fulani cha nyuklia kimefungwa, akadhani habari imeishia hapo. Mfano wetu mkuu ni Vermont Yankee, kinu kilichokuwa katika kijiji cha Vernon, jimbo la Vermont, Marekani. Vinu vingine vya nchi hiyo tutavigusa pale vinapotufundisha jambo ambalo Vernon haikulionyesha.

Kinu kikizimwa, si ndiyo mwisho wake?

Hapana. Umeme hukoma siku hiyohiyo, lakini joto halikomi. Fueli iliyotolewa ndani ya kinu huendelea kutoa joto kwa sababu ya mionzi yake yenyewe, kama makaa ambayo juu yameshika majivu na ndani bado ni mekundu. Kwa hiyo hulazwa kwenye bwawa la maji kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamishwa. Halafu kuna mabomba, matangi, kuta za zege na udongo wa chini yake, ambavyo vyote vimepata mionzi kwa viwango tofauti. Kuvunja kinu maana yake ni kuviondoa hivyo vyote, kupima kilichobaki, na hatimaye kumwomba mdhibiti afute leseni ili ardhi itumike kwa kazi nyingine.

Kwa nini mmechagua Vermont Yankee?

Kwa sababu pale wananchi na serikali ya jimbo walibishana na mwenye kinu hadharani, kwa miaka mingi, na kumbukumbu zipo. Kinu kilianza kuuza umeme mwaka 1972. Kampuni ya Entergy ilikinunua mwaka 2002. Mwaka 2007 sehemu ya mnara wa kupoozea maji iliporomoka. Januari 2010 maji yenye tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, yaligunduliwa ardhini, yakitoka kwenye mabomba yaliyofukiwa, wakati maafisa wa kampuni walikuwa wameuambia upande wa jimbo kwamba mabomba ya namna hiyo hayapo. Mwezi uliofuata Baraza la Seneti la Vermont lilipiga kura 26 kwa 4 kukataa kinu kiendelee kufanya kazi baada ya 2012. Hata hivyo kiliendelea, na hicho ndicho kisa cha swali linalofuata.

Kama seneti ilikataa, kiliendeleaje?

Nchini Marekani masuala ya usalama wa mionzi ni ya serikali ya shirikisho, kupitia Tume ya Udhibiti wa Nyuklia (NRC). Jimbo halina mamlaka juu yake. Machi 2011 NRC iliongeza leseni hadi 2032, na mahakama zikaona kwamba bunge la Vermont lilikuwa limeingia katika suala la usalama lisilo lake. Kilichokifunga kinu ni hesabu za biashara: gesi asilia ilikuwa rahisi na umeme wa nyuklia haukulipa tena. Entergy ilitangaza uamuzi huo Agosti 2013, na kinu kikazimwa tarehe 29 Desemba 2014.

Anayefuatilia usimamizi wa umma aushike vizuri mpaka huu kati ya shirikisho na jimbo, maana utajitokeza tena na tena huku chini.

Kuna njia ngapi za kuvunja kinu?

Kuna tatu, japo mbili ndizo zinazotumika. Ya kwanza ni kuanza kuvunja mara tu fueli inapoondolewa. Ya pili ni kukifunga kinu, kukilinda na kukiacha kwa miongo kadhaa, kisha kukivunja. Ya tatu ni kukizika ndani ya zege. Kwa vinu vya kibiashara vya Marekani hakuna aliyeichagua.

Kusubiri kuna mantiki. Kobalti-60, ambayo ni chanzo kikubwa cha mionzi inayowapata wafanyakazi wanaokata vyuma, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na ushei. Ukingoja miaka 50, karibu yote imekwisha. Tena fedha zilizowekwa akiba hupata muda wa kukua. Lakini kusubiri kuna gharama ambazo haziandikwi kwenye jedwali. Mafundi wanaojua bomba gani linapita wapi hustaafu na kufa, kampuni zinaweza kufilisika, na mji hukaa na ukuta na walinzi badala ya kiwanda kipya. Kanuni ya NRC inaruhusu hadi miaka 60 tangu kinu kizimwe. Kwa maoni yetu muda huo ni mrefu mno, kwa kuwa anayeuahidi hatakuwepo kuulizwa.

Mpango huandikwa lini, na nani huupitisha?

Mwenye kinu lazima awasilishe ripoti ya shughuli za baada ya kufungwa, ama kabla ya kuzima ama ndani ya miaka 2 baada ya hapo. Ripoti hueleza njia iliyochaguliwa, ratiba, makadirio ya gharama na athari kwa mazingira. NRC huitangaza, hupokea maoni na kuitisha mkutano wa hadhara karibu na kinu. Kwa Vermont Yankee mkutano huo ulifanyika Februari 2015 mjini Brattleboro.

Wengi hawajui kwamba NRC haiidhinishi ripoti hiyo. Huipokea, huichunguza, na siku 90 zikipita mwenye kinu anaweza kuanza kazi kubwa za uvunjaji. Watu huenda mkutanoni wakidhani wanapinga ombi, kumbe hakuna ombi. Hati inayohitaji idhini kamili, pamoja na nafasi ya kuomba shauri lisikilizwe, ni mpango wa kufuta leseni, nao huletwa angalau miaka 2 kabla ya mwisho. Wakati huo majengo mengi yameshabomolewa.

Gharama ni kiasi gani, na nani hulipa?

Makadirio ya Entergy kwa Vermont Yankee yalikuwa dola bilioni 1.24, kwa njia ya kusubiri ambayo ingefika miaka ya 2070. San Onofre ya California, ambayo vinu vyake viwili vya mwisho vilitangazwa kufungwa Juni 2013, inakadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 4.

Fedha hutoka kwenye mfuko wa amana ambao hujazwa kinu kikiwa bado kinauza umeme. Kwa maneno mengine, mtumiaji wa umeme ndiye amelipa, kidogo kidogo, miaka mingi kabla. Mfuko huwekezwa kwenye masoko ya fedha, na kwa hiyo hupanda na kushuka nayo.

Ugomvi huja kwenye swali la fedha hizo zitumike kwa nini. Mwaka 2015 NRC iliiruhusu Entergy kutumia mfuko wa Vermont Yankee kwa gharama za kutunza fueli iliyotumika. Jimbo likapinga, likisema mfuko ulichangwa kwa ajili ya kuondoa mionzi. Kila dola inayokwenda kwenye ulinzi wa fueli ni dola inayopungua kwenye kusafisha udongo. Mwananchi akitaka kufuatilia jambo moja tu katika habari hizi zote, na afuatilie taarifa ya mfuko.

Ni kweli kinu kiliuzwa kwa dola 1,000?

Kweli. Novemba 2016 Entergy ilitangaza kwamba inakusudia kukiuza kwa NorthStar, kampuni ya ubomoaji, kwa bei hiyo ya jina tu. Kilichouzwa hasa ni mzigo wa kazi pamoja na mfuko wa takriban dola milioni 500 wa kuifanyia. NorthStar iliahidi kumaliza sehemu kubwa ya kazi ifikapo 2030, badala ya kungoja nusu karne. Faida yake ni kile kitakachobaki akimaliza kwa gharama ndogo kuliko fedha alizokabidhiwa.

Hapo ndipo wasiwasi ulipo. Mkandarasi mwenye haraka na mwenye motisha ya kubana matumizi anaweza kufanya kazi nzuri sana, na anaweza pia kukatisha njia. Fedha zikimwishia katikati, nani atamalizia?

Jimbo la Vermont lilikuwa na turufu moja: bila cheti cha tume yake ya huduma za umma, uuzaji usingekamilika. Likaitumia. Shauri lilidumu zaidi ya mwaka mmoja, na walioingia humo si serikali peke yake. Kulikuwa na mashirika ya mazingira, tume ya mipango ya wilaya, na Waabenaki wa Elnu, wenyeji wa asili wa bonde lile la mto Connecticut, waliotaka makaburi na mabaki ya wazee wao yasifukuliwe ovyo. Makubaliano ya Machi 2018 yaliongeza dhamana za kifedha, yakaweka taratibu za kupima eneo, na kuzuia zege lililovunjwa lisifukiwe palepale kama kifusi. NRC iliidhinisha Oktoba 2018, tume ya jimbo Desemba, na mauzo yakakamilika Januari 2019.

Ukilinganisha kilichopatikana katika shauri hilo na kilichopatikana katika mikutano ya maoni ya NRC, utaona mahali ambapo sauti ya umma ilikuwa na uzito: palipokuwa na karatasi ambayo mtu alihitaji isainiwe.

Jopo la ushauri la wananchi ni nini, na lina nguvu gani?

Bunge la Vermont liliunda jopo la wananchi kwa sheria mwaka 2014, kabla kinu hakijazimwa. Wajumbe wake ni wakazi walioteuliwa, wabunge, maafisa wa jimbo, wawakilishi wa kampuni, na mtu wa chama cha wafanyakazi wa umeme aliyefanya kazi kinuni. Miji ya New Hampshire na Massachusetts iliyo jirani nayo ina viti, kwa sababu upepo na mto havijui mpaka wa jimbo.

Nguvu za kisheria? Ni ushauri tu. Haliwezi kusimamisha kazi wala kutoza faini. Hata hivyo lisidharauliwe. Kampuni hulazimika kuja mbele yake mara kwa mara na kueleza maendeleo, matumizi ya mfuko na kasoro zilizotokea, na yote huingia kwenye kumbukumbu. Swali lililoulizwa hadharani likakosa jibu hurudi kwenye ajenda ya kikao kinachofuata, na mwandishi wa habari wa mji amekaa pale.

Angalia pia nani ameliunda jopo. La Vermont ni la sheria. La San Onofre liliundwa na kampuni yenyewe, Southern California Edison, mwaka 2014. Wapinzani hawakuacha kulikumbusha hilo. Hata hivyo, tukio kubwa kuliko yote katika historia ya majopo haya lilitokea kwenye jopo hilohilo la kampuni.

Tukio gani?

Tarehe 3 Agosti 2018, kasha lililojaa fueli iliyotumika lilikuwa likishushwa kwenye shimo lake la kuhifadhia San Onofre. Likanasa kwenye ukingo wa ndani. Kamba zililegea, na wahusika wakadhani limefika chini. Kwa muda wa karibu saa nzima kasha hilo la makumi ya tani lilikaa juu ya ukingo ule bila kushikiliwa na kitu kingine, na lau lingeteleza lingeanguka kama mita 5 na nusu.

Umma haukuambiwa. Tarehe 9 Agosti jopo lilikutana, na ulipofika wakati wa maoni ya wananchi, mfanyakazi wa usalama wa eneo hilo alisimama na kueleza yote. Kazi ilisimamishwa kwa takriban mwaka mzima, NRC ikachunguza, na mwaka 2019 ikaitoza kampuni faini ya dola 116,000.

Bila kipaza sauti kilichokuwa wazi kwa yeyote, yule mfanyakazi angesemea wapi?

Eneo "safi" lina maana gani?

Inategemea unamuuliza nani. Kiwango cha NRC ni kwamba mtu atakayeishi au kufanya kazi pale baadaye asipate zaidi ya milirem 25 (milirem ni kipimo cha mionzi inayompata mtu) kwa mwaka kutokana na mabaki ya kinu, na kipunguzwe zaidi kadiri inavyowezekana. Kwa kulinganisha, Mmarekani wa kawaida hupata kama milirem 310 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye gesi ya radoni.

Majimbo kadhaa yamedai zaidi. Maine ilitunga sheria ya milirem 10, na zisizidi 4 kupitia maji ya chini ya ardhi, kwa ajili ya kinu cha Maine Yankee. Massachusetts ilipata milirem 10 kwa kinu cha Pilgrim kupitia makubaliano na kampuni ya Holtec mwaka 2020, baada ya kwenda mahakamani. Tofauti ya 25 na 10 haionekani kwa macho, lakini ni malori mengi ya udongo, na kila lori linalipiwa. Kwa hiyo kiwango huwekwa mapema kwenye mkataba. Mkandarasi akishapanga bei kwa milirem 25, ukimwomba 10 atakuuliza nani atalipa nyongeza.

Mbona maji ndiyo yanayozusha kelele kuliko yote?

Kwa sababu huchujwa karibu kila kitu ila tritiamu. Tritiamu ni aina ya haidrojeni, imo ndani ya maji yenyewe, na hakuna chujio la kawaida linaloitenganisha. Kinu kikiwa kinafanya kazi, maji ya aina hiyo hutolewa mtoni au baharini kwa viwango vilivyoruhusiwa, na wachache hujua. Kinu kikifungwa, mengi hubaki kwa mkupuo, na watu wanauliza.

Pilgrim, iliyozimwa Mei 2019, ilikuwa na takriban galoni milioni 1.1 za maji hayo, na Holtec ilitaka kuyamwaga katika Ghuba ya Cape Cod. Wavuvi wa chaza walihofia soko lao kabla ya mionzi: nani atanunua chaza wa ghuba iliyotajwa hivyo? Mwaka 2024 idara ya mazingira ya Massachusetts ilikataa kwa kutumia sheria ya hifadhi za bahari ya jimbo.

New York nayo ilitunga sheria mwaka 2023 kuzuia umwagaji wa maji ya mionzi ya kinu cha Indian Point katika mto Hudson, na mwaka 2025 jaji wa shirikisho akaibatilisha, akisema udhibiti wa mionzi si kazi ya jimbo. Ule mpaka tuliousema mwanzoni ndio huo.

Taka zinakwenda wapi?

Za mionzi hafifu, yaani zege, vyuma na udongo, zina pa kwenda. Vermont ina mkataba na Texas, na mabehewa ya treni kutoka Vernon husafiri hadi eneo la kuzikia taka katika kaunti ya Andrews. Hata vipande vya chombo kikuu cha kinu, vilivyokatwakatwa chini ya maji, vilipelekwa huko. Kama wenyeji wa Andrews waliulizwa vya kutosha ni swali ambalo wakazi wa Vernon hawalipendi sana.

Fueli iliyotumika haina pa kwenda. Sheria ya 1982 iliitaka serikali ya shirikisho ianze kuichukua tarehe 31 Januari 1998. Mwaka 1987 Kongresi iliuchagua mlima Yucca, Nevada, uwe mahali pa kuizika. Jimbo likapinga kwa nguvu zote, na mradi ukakwama. Kwa kuvunja ahadi hiyo serikali imeshalipa kampuni za umeme fidia ya zaidi ya dola bilioni 10, kutoka kwenye kodi za wananchi. Vernon kuna makasha 58 ya chuma na zege, yamesimama wima kwenye sakafu nene ya zege, yakilindwa mchana na usiku.

Mji unapoteza nini?

Mengi, na haraka. Kinu kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 600, wengi wakilipwa vizuri kuliko majirani zao, na kilikuwa mlipa kodi mkubwa kuliko wote Vernon. Mwaka 2014, kabla hata ya kuzimwa, wapiga kura wa kijiji walikifuta kikosi chao cha polisi ili kubana bajeti. Entergy ilikubali kutoa dola milioni 10 kwa ajili ya uchumi wa kaunti ya Windham. Fedha hizo zilisaidia, ila hazikurudisha mishahara.

Haya yanatuhusuje sisi?

Kenya imekuwa ikipanga kinu chake cha kwanza kupitia wakala wake wa nishati ya nyuklia, NuPEA. Wakazi wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kukipinga, wakitaja uvuvi, msitu wa Arabuko-Sokoke na hifadhi ya bahari ya Watamu. Baadaye macho yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Katiba ya 2010 inaweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na tangu 2019 nchi ina sheria na mamlaka ya kudhibiti nyuklia.

Mijadala mingi imekuwa juu ya ajali na ajira. Mwisho wa kinu hutajwa kidogo, kana kwamba ni jambo la wajukuu. Kumbe ni la sasa. Mfuko wa kuvunja hupangwa kabla ya kinu kuwashwa, na mwenye teknolojia ya kigeni anaweza kukubali au kukataa kurudishiwa fueli iliyotumika kulingana na mkataba wa ununuzi. Mkazi wa Siaya ana haki ya kuuliza mfuko utashikwa na nani, serikali ikibanwa utakopwa au hautaguswa, na kiwango cha usafi kitakuwa milirem ngapi.

Nikienda mkutanoni, niulize nini?

Uliza salio la mfuko mwaka huu na mwaka jana, na makadirio ya kazi iliyobaki. Uliza dhamana gani ipo kampuni ikifilisika. Uliza nani anapima udongo: ni mkandarasi mwenyewe au mtu asiyelipwa naye? Omba jibu kwa maandishi.

Jopo humaliza kazi lini?

Maine Yankee, kule Wiscasset, ilikamilisha uvunjaji mwaka 2005. Jumba la kinu liliangushwa kwa baruti Septemba 2004 na sehemu kubwa ya ardhi ikaachiwa. Makasha 64 bado yapo palepale, walinzi wapo, gharama za kila mwaka zipo, na jopo la ushauri lililoanzishwa mwaka 1997 kufuatilia ubomoaji sasa lina ajenda ya kitu kimoja: lini serikali ya shirikisho itakuja kuyachukua.